Moto Usiotegemea Waya

Ngumi ya kwanza aliyopigwa Jeptoo ndani ya nyumba yake mwenyewe ilitokana na swichi ya joto. Ilikuwa Desemba 1993, miezi mitatu tangu yeye na mumewe Zachariah wahamie kwenye nyumba ya mbao upande wa kusini wa Minneapolis, nyumba ya kwanza kuwa na majina yao kwenye hati. Binti yao Abigail, wa miaka saba, alikuwa ameshinda akikohoa. Jeptoo akaisogeza ile swichi ya ukutani kidogo tu, joto lipande. Zachariah aliporudi kazini alivua buti, akasimama katikati ya sebule kama mtu anayenusa kitu. Akaenda ukutani, akatazama. Kisha akageuka, na Jeptoo hakuuona mkono ulikotokea.

"Mwenye nyumba hii ni nani?" alimuuliza, mkewe akiwa bado sakafuni.

Jeptoo hakuwa mwoga wa baridi. Alizaliwa juu kwenye milima ya Nandi, ambako asubuhi za Julai watoto huenda shule wakitoa mvuke mdomoni. Alifika Minnesota mwaka 1985 kusomea uuguzi, masomo yakakatizwa na mimba, na sasa alikuwa msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya wazee kule Bloomington, akifanya zamu ya usiku. Zachariah alikuwa fundi umeme katika maghala ya nafaka kando ya mto kule Savage. Kanisani alijulikana kwa sauti yake nzito na kwa mkono mwepesi wa kuwasaidia wageni. Nyumbani mkono ule ule ulikuwa mwepesi vilevile.

Alilitawala joto kama wanaume wengine wanavyotawala ufunguo wa ghala. Akikasirika, alishuka chini ya nyumba, akazima boila, ule mtambo wa kuchemsha maji ya kupasha nyumba joto, akapanda kulala na jaketi lake, na mke na mtoto wakatetemeka mpaka Jeptoo aende kuomba msamaha wa kosa asilolijua. Jeptoo alijifunza kumsoma mumewe kwa kugusa zile rejeta za chuma zilizopitisha maji ya moto chini ya madirisha. Zikiwa vuguvugu, kuna amani. Zikianza kupoa, alimwita Abigail na kumfungia chumbani.

Desemba iliyofuata, boila lenyewe lilikufa. Lilikuwa la mafuta mazito, zee kuliko wote waliokuwa wakiishi mle, na siku moja lilipasuka tumbo likamwaga maji ya kutu sakafuni. Jeptoo alitaka fundi aitwe. Zachariah akaleta hita ndogo ya mafuta ya taa, akaiweka chumba cha kulala, akabandika plastiki madirishani na kuzunguka fremu zote kwa utepe hata upepo usipate pa kupenya.

"Hii inatosha," alisema. "Na mtu asiguse plastiki yangu."

Jumamosi mchana, Zachariah akiwa kazini, Jeptoo alikuwa amelala baada ya zamu, Abigail kando yake. Aliamka kichwa kikimgonga kama mtwangio kwenye kinu. Alijaribu kukaa, miguu ikakataa. Akamtikisa mtoto. Mtoto akaenda upande alikosukumwa, akabaki hapo, midomo imelegea. Jeptoo aliwahi kuosha maiti nyingi kazini, na alichokigusa kilikuwa karibu mno na kile alichokijua. Alitambaa mpaka dirishani, akakipasua kioo kwa kiwiko, plastiki na yote, akaiinua hita ile ikiwaka na kuitupa nje kwenye theluji. Kisha akambeba Abigail, akajirusha naye ngazi kwa ngazi mpaka mlangoni, wakaanguka barazani miguu mitupu.

Ng'ambo ya barabara, mzee mmoja Mmarekani alikuwa akizoa theluji. Aliitwa Alfred, mstaafu aliyekuwa amefunga na kutengeneza mitambo ya joto kwa miaka thelathini na minane. Akatupa sepetu yake, akaja mbio kadiri ya miguu yake, akamfunika mtoto kwa koti lake. Alipoiona ile hita kwenye theluji hakuhitaji kuelezwa.

"Ni ile hewa ya sumu," alisema. "Haina harufu. Dakika kumi zaidi, mama, ningekuja kuhesabu miili."

Abigail alizinduka hospitalini, akatapika, akaomba soda. Walirudishwa nyumbani jioni, Mzee Alfred akiwaendesha. Zachariah alikuwa amewatangulia. Alikuwa amesimama barazani, macho yake kwenye dirisha lililovunjika na kwenye hita iliyokuwa imezama thelujini. Jeptoo alifungua mlango wa gari akafungua na mdomo aeleze. Hakuwahi kueleza. Zachariah alimshika nywele akamburuta kutoka kwenye kiti, akampiga uso kwenye ukingo wa gari, mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu jino likaruka. Alipoanguka, akamkanyaga begani mpaka mfupa ukalia. Abigail alikuwa ndani ya gari akitazama. Mzee Alfred, mwenye miaka sabini na mmoja, alimrukia kwa nyuma, naye akatupwa kama gunia tupu. Mke wa mzee ndiye aliyepiga simu polisi.

Mahakama ilimkataza Zachariah kuukaribia mtaa ule. Jeptoo na Abigail walikaa miezi mitatu kwa rafiki yake Wambui, mfanyakazi mwenzake kule Bloomington, na Mzee Alfred akatoa maji yote kwenye mabomba ya nyumba yasigande na kupasuka. Bega lilipopona, Jeptoo alisema anarudi.

"Nyumba haina moto na ina mashetani," Wambui alimwambia. "Iuze!"

"Jina langu liko kwenye hati ile," Jeptoo akajibu. "Sitahama kwa sababu ya mtu ambaye ameambiwa yeye ndiye ahame."

Basi majira yale ya kuchipua mwaka 1995 kazi yake kubwa ikawa kuchagua moto. Wambui alimshauri anunue hita za umeme, moja kila chumba, achomeke ukutani ayamalize. Mzee Alfred alikataa kwa kichwa. Nyaya za nyumba ile zilikuwa za zamani, alisema. Ukizibebesha mzigo wa majira ya baridi ya Minnesota zitaungua ndani ya kuta, na utapashwa joto mara moja tu. Akaja muuzaji kutoka kampuni moja ya mjini, kijana wa kucheka sana, akapendekeza boila la gesi kwa nyumba nzima na meko ya gesi sebuleni iwe akiba.

"Boila ni sawa," Mzee Alfred alisema muuzaji alipoondoka. "Bomba la gesi limepita hapo barabarani, na rejeta zako bado ni nzima. Lakini hiyo akiba yake si akiba. Vyote viwili vinakunywa kisima kimoja. Akiba inatakiwa iwe haina ugonjwa alio nao mkubwa wake. Boila la gesi linataka gesi, na linataka umeme wa kusukuma maji. Umeme ukikatika, gesi ikiwepo isiwepo, limelala. Sasa jiulize, ni nini kitakachokuzimia moto?"

Yeye alikuwa akifikiria dhoruba na nguzo kuanguka. Jeptoo alifikiria kitu kingine. Alichokiogopa hakikuwa baridi peke yake. Mumewe alikuwa fundi umeme. Nyaya alizijua kama mkulima ajuavyo mifereji ya shamba lake, na boila alilizima mara nyingi pasipo dhoruba yoyote. Usiku mzima kazini, huku akibadilisha shuka za wazee, aliligeuza jambo lile. Asubuhi alivuka barabara akiwa bado na sare.

"Mzee, nataka moto ambao mtu hawezi kuukata akiwa nje."

Mzee Alfred alimtazama, akaelewa, akashusha macho. "Basi ni kuni," alisema.

Wambui alicheka mpaka akashika ubavu. "Umepanda ndege kutoka kwenu Kapsabet kuja kuchochea kuni Amerika?"

"Kuni nazijua. Na kuni hazinijui mimi ni mke wa nani."

Kufikia Septemba, boila jipya la gesi lilikuwa chini ya nyumba, likinguruma kama paka aliyeshiba, na juu, katikati ya chumba cha kulia, palisimama jiko la kuni la chuma, zito, lenye mlango wa kioo kinene. Mzee Alfred alijenga ukuta wa matofali nyuma yake, akapitisha bomba jipya la moshi mpaka juu ya paa, akamwita mkaguzi wa jiji aje apige muhuri. Alifunga pia king'ora cha hewa ya sumu kila ghorofa. Jeptoo mwenyewe alipasua kuni, mialoni iliyokufa aliyoletewa na mkulima mmoja, akazipanga ndani, kwenye ukuta wa ngazi, si nje. Alipasua kwa hasira mwanzoni, shoka likikwama kila mara. Baadaye alipasua kwa ustadi tu, na kuni zikaanza kumtii.

Zachariah alipiga simu mara mbili majira yale. Mara zote alisema maneno yale yale: "Utatoka humo mwenyewe."

Ijumaa, tarehe mbili Februari 1996, gavana aliamuru shule zote za jimbo zifungwe kwa baridi. Kipimajoto cha barazani kilionyesha digrii thelathini na mbili chini ya sufuri kwa hesabu ya Kimarekani. Mate yangeganda kabla ya kufika chini. Jeptoo alikuwa na siku ya mapumziko. Saa tatu asubuhi alikuwa akimsonga Abigail nywele jikoni wakati taa ilipozimika. Boila kule chini likapiga kikohozi kimoja, likanyamaza.

Alitazama ng'ambo. Taa ya baraza ya Mzee Alfred ilikuwa ikiwaka. Basi giza lilikuwa la kwake peke yake. Akainua simu, haikutoa sauti. Akaenda mlango wa mbele, akausukuma, ukafunguka upana wa kidole na kugonga mnyororo. Mtu alikuwa ameuzungushia mnyororo kutoka nje. Kupitia dirisha la ubavuni aliona alama za buti kando ya ukuta, na mita ya umeme ikiwa imeng'olewa mahali pake, imetupwa kwenye theluji kama fuvu. Mwisho aliangalia nyuma ya nyumba. Kwenye uchochoro lilisimama gari la kijivu, injini ikinguruma, moshi mweupe ukipanda wima. Ndani, mtu amekaa anaangalia mlango wa jikoni.

Mtu yule alikuwa amehesabu vizuri. Gari la Mzee Alfred halikuwepo. Ijumaa humpeleka mkewe kliniki. Majirani wengine walikuwa kazini. Nyumba ya mbao kwa baridi ile ingekuwa kaburi baada ya saa chache, na njia iliyobaki ilikuwa moja, ile aliyokuwa akiilinda yeye.

"Mom, is it Dad?" Abigail aliuliza.

"Ndiye. Lete blanketi zote."

Jeptoo alifungua mabomba ya maji yadondoke matone, yasigande. Akaziba milango ya chumba cha kulia kwa blanketi. Kisha akapiga magoti mbele ya jiko, akapanga vijiti, akawasha kiberiti. Njiti mbili zikavunjika. Ya tatu ikashika. Moto ulipolamba mwaloni, akaweka birika kubwa la maji juu ya jiko na chuma cha kuchochea ndani ya makaa, akakiacha humo.

Saa nne ikapita. Ndani mlikuwa na joto kiasi kwamba Abigail alivua sweta. Saa nne na nusu, Jeptoo alisikia mlango wa gari ukibamizwa. Zachariah alikuwa ameuona moshi juu ya paa.

"Mama Abi!" sauti ilitoka nyuma ya mlango wa jikoni. "Fungua, mtakufa na baridi."

"Hatufi."

Kitasa kikatikiswa. "Nani amekuwashia moto? Kuna mwanamume humo ndani?"

"Baba Abi, nenda. Mahakama imekukataza."

"Mahakama!" alisema, na mtaimbo ukaingia kwenye mbao.

Alivunja mlango kwa mapigo sita. Jeptoo aliyahesabu. Alimsukuma Abigail nyuma ya jiko, akachomoa chuma kutoka kwenye makaa. Kilikuwa chekundu nusu ya urefu wake. Mlango ulianguka ndani, na baridi ikaingia pamoja na Zachariah, nzito, nyeupe, ikitambaa sakafuni kama moshi. Nyusi zake zilikuwa na barafu. Aling'oa blanketi la mlango wa chumba cha kulia, akaingia. Aliinua mtaimbo akaushusha, Jeptoo akakinga kwa mkono wa kulia. Alisikia mfupa ukivunjika kabla ya kuusikia uchungu. Kwa mkono wa kushoto alimchoma, hakuchagua mahali, chuma kikaingia chini ya shavu na harufu ya nyama ikajaa chumbani. Zachariah alipiga yowe. Mtaimbo ukaanguka. Lakini alimshika shingo kwa mikono yote miwili, akambana ukutani, vidole vikizama, na Jeptoo akaanza kuona nyota. Chuma kikamtoka. Akapapasa nyuma yake, kwenye blanketi, kwenye matofali, kwenye jiko lenyewe lililomchoma vidole, mpaka mkono ukapata birika. Akalivuta lote likammwagikia mumewe kifuani, tumboni na mapajani.

Zachariah alimwachia. Alikimbia kama mtu aliyevamiwa na nyuki, akapita jikoni, akatoka nje kwenye ngazi za nyuma zilizokuwa barafu tupu. Miguu ikapaa. Alitua kwa nyonga kwenye ukingo wa saruji, na hakuinuka tena.

Jeptoo alifika mlangoni akishika mkono wake uliovunjika. Mumewe alikuwa chini ya ngazi, anajaribu kutambaa kuelekea garini, mguu mmoja umegeukia kusikostahili. Maji yaliyokuwa yakichemka dakika moja iliyopita yalikuwa yakigeuka barafu juu yake. Suruali ilikakamaa huku wanaitazama. Alitukana kwanza. Kisha akaita. Kisha meno yakaanza kugongana akashindwa kuita.

Abigail alikuwa amesimama nyuma ya mama yake.

"Leave him," alisema.

Jeptoo hakujibu papo hapo, na miaka mingi baadaye alikiri kwa Wambui kwamba hakusitasita kwa ajili ya uchungu wa mkono. Alikuwa akitazama. Alijua idadi ya dakika. Hakuna mtu ambaye angemlaumu, na pengine hakuna ambaye angejua. Alihisi jambo hilo likimjia tamu, tulivu, kama usingizi wa ile hewa ya sumu. Hapo ndipo alipoogopa kweli, kuliko alipokuwa ukutani.

"Vaa buti," alimwambia mtoto. "Shika ukosi wa koti lake."

"Mom!"

"Si kwa ajili yake. Sitaki wewe uwe umeliona hilo. Shika."

Walimburuta ngazi nne, mwanamke wa mkono mmoja na mtoto wa miaka tisa, kila ngazi Zachariah akilia. Wakamwingiza mpaka mbele ya jiko. Jeptoo alimkata nguo zilizoganda kwa mkasi wa jikoni, akamfunika blanketi, akamfunga mikono kwa kamba ya kuanikia nguo, Abigail akikaza fundo. Akasimamisha mlango uliovunjika mahali pake na kuuegemeza meza. Kisha akaongeza kuni, akakaa kwenye kiti na shoka mapajani. Uso wa mumewe ulikuwa umevimba, jeraha la chuma likitoa maji.

Karibu na saa sita Mzee Alfred alirudi. Aliuona moshi ukitoka kwenye lile bomba la moshi alilolipandisha mwenyewe, akajua Jeptoo hawashi kuni boila likiwa hai. Aliuona na mnyororo. Alipiga simu polisi kabla ya kuvuka barabara, akakata mnyororo kwa mkasi wa chuma, akaingia. Aliwakuta hivyo, watatu, kwenye chumba chenye joto.

Zachariah alipoteza vidole vinne vya miguu, na alama ya shavuni hakuipoteza kamwe. Alifungwa miaka mitano. Mkono wa Jeptoo uliwekwa bamba la chuma na misumari, na tangu hapo hakuweza kumgeuza mzee kitandani, akahamishiwa kazi ya kugawa dawa baada ya kurudi darasani. Abigail alilala kwenye kochi karibu na jiko mpaka Mei, hakukubali kupanda juu.

Kabla ya hukumu, wazee wawili wa kanisa walikuja kumwona. Mmoja aliitwa Maurice, mwingine Zadock. Walikaa, wakanywa chai, wakakohoa.

"Mama Abi," Mzee Zadock alianza, "tumekuja kwa upole. Mume ni mume. Watu wanasema umemchoma kwa chuma kama ng'ombe. Ukimwondolea mashtaka, sisi tutakaa naye, tutamrekebisha."

"Mlikaa naye miaka minane," Jeptoo alisema. "Aliimba mbele yenu na jino langu likiwa mfukoni mwangu. Hamkuuliza."

"Lakini dada," Mzee Maurice akadakia, "damu yako na yake iko kwa mtoto huyu."

"Ndiyo. Yuko hapo. Muulizeni yeye."

Abigail alikuwa kwenye kochi na kitabu cha shule. Wazee walimgeukia. Msichana aliwaelewa kila neno, lakini aliwajibu kwa Kiingereza, kwa adabu, kwamba ana mtihani kesho na anaomba waongee kwa sauti ya chini. Mzee Maurice aliweka kikombe chini, akatafuta kofia yake. Jeptoo aliwasindikiza mpaka nje kama desturi, akawaonya kuhusu barafu ya ngazi ya tatu, akafunga mlango.